Jinsi Kaka Yako Alivyouzunguka Mji

Nyumba ya kona,
Nyuma ya ukuta wa mji mkongwe.
Jumatatu, 14 Oktoba.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo wewe, na hawajambo wote wanaokula mezani kwako? Mgongo umekuachia kidogo, au bado unakugomea kila ukiinama? Na mumeo, kile kikohozi chake kimekwisha, au bado anakificha mpaka wewe utoke chumbani? Wapwa wa kaka yako wanasoma vitabu au wanasoma simu tu? Sisi huku tu wazima kabisa. Magoti yangu ndiyo yanayolalamika, na nikikaa siinuki bila kushika meza, lakini haya ni maumivu ya fahari, na utaelewa ukisoma mbele.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kaka yako amekataa katakata nikupigie simu. Anasema habari hii ikipigwa simu itaisha kabla hujapata pa kukaa. Yuko hapa ng'ambo ya meza, amekunja mikono kama mkaguzi wa shule, na kila kalamu ikinyamaza anauliza nimefika wapi. Nimemwambia bado namsalimu wifi. Amesema salamu zimetosha.

Najua pia kwamba shemeji, yule kaka yenu mkubwa, alikwisha kukupigia mwezi uliopita akakuambia mke wa mdogo wake kaingiwa na wazimu. Kama uliamini, sikulaumu. Mimi mwenyewe kuna siku niliamini.

Unajua jinsi presha ya macho ilivyomnyang'anya kaka yako mwanga, kwanza pembeni, halafu katikati, mpaka mwaka juzi akawa hajui hata dirisha liko upande gani. Hayo tulikuambia. Ambayo hatukukuambia ni yaliyofuata, maana kila ulipopiga simu alijikaza akacheka, na simu ikikatika tu anarudi kwenye kiti chake karibu na jiko. Hapo ndipo alipohamia. Anakaa tangu chai ya asubuhi mpaka wakati wa kutandika kitanda. Fundi seremala aliyetengeneza nusu ya milango ya mji huu, akienda bafuni anapapasa ukuta kama mgeni. Karakana ikafungwa. Randa na patasi zikashika kutu. Wateja wakibisha hodi ananituma nikawaambie hayupo, naye yupo, anasikia kila neno.

Shemeji alipoona hivyo akaja na shauri lake. Kule kwake kuna chumba cha uani, kina hewa, na mke wake anashinda nyumbani, kwa hiyo kaka yako ahamie huko. Karakana apewe mtu wa kuhifadhi magunia. Mimi nibaki hapa na jiko langu la shule, nipikie watoto wa watu, na Kitinda, binti yetu wa mwisho, amalize masomo yake. Halafu tuwe tunakwenda kumwona Jumapili, kama watu wenye mgonjwa hospitalini.

Nisimsingizie shemeji. Hakuwa na ubaya hata chembe. Ni mtu anayependa kwa kuamrisha, unamjua kuliko mimi. Kilichoniuma si shauri lake. Kilichoniuma ni kaka yako kujibu, "Sawa, kaka," kwa sauti ya mtu anayekubali kuongezewa chai.

Begi lilikuwa limekwisha shushwa kutoka juu ya kabati siku gari la matangazo lilipopita mtaani kwetu. Walikuwa wanatangaza ule mzunguko wa baiskeli wa kila mwaka: kuanzia Lango Kuu, kupitia mitaa ya mawe ndani ya mji mkongwe, kuvuka daraja, kufuata mto hadi mashambani, kupanda kilima chenye magofu ya ngome, kisha kuteremka na kurudi kwa Lango la Nyuma. Njia ileile ambayo kaka yako alikuwa akiizunguka kila Jumapili enzi zake, na akirudi hasemeshwi mpaka ale kwanza.

Alibaki kwenye kiti chake. Lakini mimi nilikuwa napiga deki, na nikauona mguu wake wa kulia. Ulikuwa unakanyaga. Chini, juu, chini, juu, taratibu, pale pale sakafuni kwenye maji yangu ya sabuni. Naye hana habari.

Wifi, niliacha ndoo katikati ya chumba nikaenda kwa Cheche.

Cheche ni fundi wa kuchomelea vyuma, yuko mtaa wa pili. Alikuja baada ya wewe kuondoka. Tunamwita hivyo kwa sababu hana shati lisilo na matundu ya moto. Ukutani kwake kulikuwa na baiskeli mbili kuukuu zimetundikwa kama mizoga buchani. Nikamwambia nataka aziunganishe ziwe moja, ya viti viwili, watu wawili wakanyage pamoja na mmoja tu ashike usukani.

"Mama, unataka baiskeli au unataka basi?"

"Nataka nilichokuambia."

"Na usukani atashika nani?"

"Mimi."

Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kitambaa cha kichwa. Halafu akasema, "Basi nitaweka breki tatu."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Mimi mara ya mwisho kupanda baiskeli ilikuwa kabla ya mimba ya pili, na tangu hapo mwili huu umeongezeka pande zote. Lakini nilipiga moyo konde. Jioni baada ya kuosha masufuria nilikuwa naazima baiskeli ya mlinzi wa shule na kujifunza upya uwanjani, peke yangu, huku mlinzi akijifanya anatazama mawingu ili asinicheke.

Cheche alipomaliza, tuliingiza dude lile uani kimyakimya. Nikamtoa kaka yako nje kwa hila, nikamwambia kuna kitu nataka akishike. Akakipapasa kuanzia mbele kwenda nyuma, vilevile anavyopapasa ubao kabla ya kuununua. Akashika tairi, akashika fremu, akapitisha kidole kwenye maungio. "Hii kazi ya Cheche," akasema. "Mbaya kwa sura, lakini haiachii." Akaendelea. Mkono ukafika kwenye kiti cha kwanza, ukapita, ukakuta kiti cha pili. Ukasimama hapo muda mrefu.

"Nani anakaa mbele?"

"Mimi."

"Mungu wangu," akasema, na wifi, akacheka. Si kile kicheko cha kwenye simu. Kicheko hasa, kile cha kujishika mbavu, mpaka Kitinda akatoka ndani na mswaki mdomoni kuuliza kuna nini.

Mazoezi sitakuficha yalikuwa vita. Mtu aliyezoea kushika usukani maisha yake yote ukimweka nyuma, mwili wake hautaki kukubali. Mimi nikilalia kushoto, yeye analalia kulia. Siku ya kwanza tuliangukia kwenye mchanga wa kuchezea watoto wa chekechea, siku ya pili tukaangukia kamba ya nguo za mlinzi. Tukagombana kama watu waliooana jana. Nikamwuliza, "Wewe ni dereva au ni abiria?" Akasema, "Mimi ni injini. Injini haikai kimya ikiona dereva analala."

Hapo ndipo tulipokubaliana maneno. Nikisema "shimo" anainuka kidogo kwenye kiti. Nikisema "mlima" anaongeza nguvu, "teremko" anaacha kukanyaga. Kushoto na kulia yeye hafanyi kitu, anakaa kama gunia la mchele. Neno hilo la gunia alilipinga sana, lakini lilisaidia. Wiki iliyofuata tulitoka nje ya geti la shule bila kuguswa na mtu, tukazunguka mtaa mzima, na akina mama wa gengeni wakabaki na nyanya zao mikononi, midomo wazi.

Kisha akaniomba jambo. Akasema, "Mbona unaniambia mashimo tu? Mji wote huu una mashimo tu?" Basi nikaanza kumwambia ninachokiona. Mwanzo nilikuwa hovyo. Nasema, naona ukuta. Anauliza, ukuta gani, una rangi gani leo, jua limefika wapi juu yake, nani ameuegemea? Wifi, nimeishi nyuma ya ukuta huu tangu nilipoolewa, na sikuwa nimeuona. Nilianza kuutazama kwa ajili yake. Una rangi ya asali asubuhi, na mchana unapauka kama mkate. Katikati ya mawe kuna majani yameota na maua meupe madogo, na kuna paka wa manjano ambaye kila siku tunamkuta amelala palepale, kwenye tundu ambalo nadhani zamani lilikuwa la kutolea bunduki.

Shemeji akatukamata siku moja tukirudi. Alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, uso umekunjamana.

"Shemeji," akaniambia, "unataka kumvunja mdogo wangu shingo?"

Nikamjibu kwa heshima kwamba hapana, shemeji, shikamoo, karibu ndani kwanza. Hakutaka kuingia. Akasema kipofu barabarani ni kujitafutia msiba, majirani wanacheka, na kwamba chumba kimekwisha pakwa rangi kinamsubiri mwenyewe. Nikafungua mdomo nimjibu. Kaka yako akanitangulia. Alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha nyuma, mguu mmoja chini, jasho linamtiririka, na akageuza uso sawasawa kule ilikotoka sauti.

"Kaka, nakuheshimu. Naomba unisikilize. Mimi na mke wangu tunauzunguka mji siku ya mzunguko. Tukishindwa njiani, nitalibeba begi langu mwenyewe mpaka kwako, wala hutanisikia nikilalamika. Tukimaliza, sihami, na karakana haipewi mtu."

Sikuwa nimeambiwa habari hiyo, wifi. Nilikuwa nimeshika usukani, nikabana breki zote tatu ingawa tulikuwa tumesimama. Maana tangu hapo haikuwa tena matembezi. Ilikuwa ni nyumba yangu.

Shemeji akazungusha funguo kidoleni. Mwisho akasema, "Haya. Lakini nitakuwa nyuma yenu na gari, hatua kwa hatua. Mkianguka, nawaokota."

Mzunguko ulikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu. Lango Kuu lilijaa watu mpaka njiwa walihamia upande wa pili. Kulikuwa na vijana wa klabu wenye suruali za kubana, wafanyakazi wa benki wameshona fulana za aina moja, wazee wenye baiskeli zinazolia kwii kwii, na sisi na basi letu la Cheche, limepakwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la mtu. Mwenyekiti wa chama cha baiskeli ni mama mmoja mfupi anayeuza miwani kwenye duka la pembeni mwa posta. Akaja kututazama. Nilijua sasa atatukataza. Akainama, akatikisa gurudumu, akauliza jambo moja tu: "Breki zinashika?"

Nikamwambia ziko tatu. Akatufunga namba kifuani, akaenda zake. Kaka yako akaninong'oneza, "Nani huyo?" Nikamwambia ni yule wa duka la miwani. Akasema, "Mtu mwema. Na hana hata cha kuniuzia."

Filimbi ikalia, tukaondoka. Barabara za mawe ndani ya mji mkongwe zilitutikisa mpaka meno yakagongana, na nilikuwa nikisema "shimo, shimo, shimo" bila kupumua, mpaka kaka yako akasema basi, niseme tu pale pasipo na shimo. Tulipita kwa wafua shaba, nyundo zao zikilia pande zote mbili, tukapita chini ya madirisha ya ghorofani ambako watu wameanika mashuka, tukapita mnara wa saa ambayo hujawahi kuiona ikisema kweli. Nyuma yetu ilikuwa ni honi ya shemeji. Pipii. Kila mtu akitukaribia, pipii. Watu wakadhani sisi ni wageni rasmi, wakatupisha.

Darajani upepo ulikuwa mkali na njia ni nyembamba. Nikamwambia, kulia kuna maji, kushoto kuna maji, na mbele kuna mzee anayeyumba. Akasema, "Basi nitakaa kama gunia." Na akakaa, hakutikisika. Tukavuka.

Kando ya mto ndiko nilikoanza kufurahi. Mji ukabaki nyuma na kelele zake, na njia ikawa ya udongo laini unaonong'ona chini ya tairi. Nilimwambia kila kitu. Nikamwambia shamba la alizeti limegeuza nyuso zote upande mmoja kama watu wanaosikiliza hotuba. Nikamwambia tanuri la matofali linatoa moshi, na moshi hauendi popote, umekaa tu. Nikamwambia kuna bata wanavuka, nikashika breki zote tatu kwa mpigo, na pua yake ikanigonga mgongoni. Hakukasirika. Alisema, "Endelea. Bata wa rangi gani?"

Mbele kidogo cheni ilichomoka. Miguu ikawa inazunguka bure. Tukashuka, na hapo wale wa benki wakatupita, mmoja akisema pole kwa sauti ya kufurahi. Gari la shemeji likasimama, mlango ukafunguka. Kaka yako akausikia. "Kaka, usishuke," akasema. "Na wewe mke wangu usinisaidie." Akapiga magoti, akaipapasa cheni, akaifuata mpaka ilipokuwa imekwama, akaivuta, akaipandisha jino kwa jino huku akisema nayo kama anavyosema na bawaba ngumu. Ikaingia. Akasimama na mikono myeusi mpaka viwikoni, akajifuta kwenye suruali niliyoipiga pasi asubuhi. Siku nyingine angenisikia. Siku hiyo nilimtazama tu. Nilikuwa sijamwona na mikono michafu tangu macho yalipokwenda.

Ananiuliza nimefika wapi. Nimemwambia kwenye cheni. Anasema niandike kwamba hakuchoka. Nimeandika.

Sasa kilima. Wewe unakijua, kile cha ngome, kinachopanda na kujikunja, na kila ukidhani umefika unakuta bado. Watu wengi walikuwa wamekwisha kushuka na wanakokota baiskeli zao. Niligeuka kidogo nikamwambia, na sisi tushuke, si vibaya. Akauliza, "Nani mwingine kashuka?" Nikasema karibu wote. Akasema, "Basi ndiyo nafasi yetu." Nikapiga kelele "mlima!" na injini ikaongeza nguvu.

Sijawahi kukanyaga hivyo. Mapaja yakawaka. Pumzi ikanikimbia kabisa, na nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na hewa ya kusemea.

"Mbona kimya?" akauliza.

"Sina pumzi."

Halafu, wifi, akaanza yeye kusema. Akaniambia, "Kona hii ikiisha, kushoto kuna nguzo ya jiwe iliyolala." Ilikuwapo. "Mbele yake kuna kisima chenye paa." Kilikuwapo, paa limeanguka upande mmoja. Kisha akasema, "Juu ya kisima kuna nyumba ndefu ya wakulima, yenye madirisha ya samawati. Yale madirisha ni yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, fundi wangu alikuwa mgonjwa, akanituma peke yangu. Yapo?"

Nikainua kichwa. Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Nyumba ilikuwapo, na madirisha yalikuwapo, yamepauka karibu yawe meupe, lakini yamesimama wima kwenye fremu zake, hata moja halijainama. Na moja lilikuwa wazi, mwanamke anakung'uta zulia.

"Yapo," nikasema. "Yote."

Niliona tu baiskeli inakwenda kasi kuliko ninavyoisukuma mimi.

Hapo ndipo tuliposikia nyuma yetu mlio kama wa birika kubwa. Puuuu. Kaka yako akauliza ni nini. Nikageuka. Gari la shemeji lilikuwa limesimama katikati ya mlima, boneti limefunguka, mvuke mweupe unapanda juu kama mtu anachemsha nguo. Limechemsha, wifi! Gari lililokuja kutuokota!

"Tusimame?" akauliza kaka yako.

Kabla sijajibu, nikamwona shemeji ametoka kwenye mvuke, kofia mkononi, anakimbia kuja kwetu. Nikadhani anataka tumsaidie. Kumbe anapiga kelele, na sauti ilipotufikia ilikuwa inasema, "Msisimame! Kanyageni! Kanyaga, mdogo wangu, kanyaga!" Anapunga kofia, shati limemtoka kwenye suruali, mtu ambaye sijawahi kumwona bila mkanda. Watu wanaokokota baiskeli zao wakamsikia, nao wakaanza, "Kanyaga! Kanyaga!" Mlima mzima ukawa unaimba neno hilo moja. Tukawapita wale wa benki wamesimama na fulana zao, mikono kiunoni. Kaka yako akawapungia, ingawa hakujua wako wapi, akapungia jiwe.

Na tukafika juu. Nilijua tumefika kwa sababu pedali ziliacha kunipinga ghafla. Upepo ukatupiga usoni. Nikamwambia, uko juu ya kila kitu: mto ni kamba, mji ni mkate uliokatwa vipande, ukuta umeuzunguka mji kama sinia, na Lango Kuu tulikotoka halionekani kwa umbali. Alishusha pumzi ndefu, akaniwekea mkono begani. Mkono mweusi wa grisi, kwenye blauzi yangu nyeupe. Alama haijatoka mpaka leo, na sitaifua tena.

Teremko lilikuwa langu mimi. Nilikuwa naliogopa kuliko mlima. Ukweli, nililia njia nzima, sijui kwa upepo au kwa hofu, huku breki za Cheche zikilia pamoja nami. Lakini yule aliye nyuma yangu alikuwa anapiga kelele za furaha kama kijana aliyeiba baiskeli ya baba yake. Nilimwuliza haogopi? Akasema, "Dereva wangu anaona."

Lango la Nyuma lilipotokea, niliwaona kwanza Kitinda na Cheche. Cheche alikuwa amepanda juu ya pipa, anaonyesha watu na kusema, "Hiyo ni weldi yangu! Hiyo ni weldi yangu!" Tulipita chini ya lango, kengele yetu inalia, na yule mama wa miwani akatuvisha utepe. Hatukuwa wa kwanza. Lakini nyuma yetu walikuwa wengi, wifi, na miongoni mwao walikuwamo vijana wenye magoti mazima.

Kaka yako hakutaka kukaa. Watu walimletea kiti, maji, machungwa. Alisimama langoni ameshika ukuta, anasikiliza kila anayepita. Mwisho ikaja baiskeli ya matairi matatu ya muuza mikate, inalia kwa uzito, na nyuma yake, katikati ya makreti matupu, alikuwa amekaa shemeji, amejaa vumbi mpaka kope. Akashuka, akaja kwa miguu, hajasema neno. Kaka yako akaijua hatua yake.

"Kaka," akamwambia, "umechelewa. Ulipotea njia?"

Shemeji alijaribu kukasirika. Nilimwona akijaribu. Mdomo ukamshinda, akacheka, halafu kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, akamkumbatia mdogo wake pale langoni mbele ya watu wote, vumbi kwa grisi. Mimi nikageuka kutazama njiwa. Kuna mambo si ya kutazama.

Hakuna aliyezungumza tena habari ya chumba cha uani. Jumatatu yake shemeji alikuja mapema na msasa na kopo la mafuta, akavua koti, akaketi kwenye karakana akisugua kutu kwenye randa moja moja, na kaka yako akizipokea na kuzipima ukali kwa kidole gumba. Mteja wa kwanza alileta droo ya kabati iliyokuwa haifungi. Kaka yako alishinda nayo mchana kutwa, akajikata kidogo, akaja kunionyesha jeraha kama mtoto aliyepewa zawadi. Sasa droo inafunga. Ameletewa na mlango. Kwa kazi ya mlango amechukua kijana wa kumshikia ncha ya pili ya ubao, na anamgombeza kwa raha zake zote. Kile kiti karibu na jiko kwa sasa anakikalia paka wa jirani.

Na jioni tunapanda, hata kama magoti yangu hayataki. Tumepata majina mtaani. Yeye wanamwita Injini, mimi sitakuambia wanavyoniita.

Wifi, mkono umechoka. Msalimie sana mumeo, mwambie kikohozi akitaje kwa daktari. Wasalimie wapwa, wakubwa kwa wadogo, na yule wa mwisho umbusu kwenye shavu lile lenye kidoti. Msalimie pia shangazi kama bado mnakutana naye. Shemeji na mke wake wanakusalimu. Shemeji anasema gari limetengenezwa na usimwulize zaidi. Kitinda anakusalimu, na Cheche, ambaye hukumjua, anasema anakusalimu pia kwa vile sasa ni ndugu. Mungu awape afya na riziki isiyo na mashaka, na atukutanishe tungali na nguvu za kucheka.

Wako akupendaye, pamoja na magoti yake,
Wifi yako.

Kaka yako amenipokonya kalamu. Anataka kuandika mwenyewe, na nimemwonyesha tu karatasi inapoanzia. Mistari ikipanda juu au kugongana, usimcheke:

Mdogo wangu, mimi ni mzima. Yale madirisha yapo.